Msuli Uliokuwa na Siku Zake

Fundi huyu wa maabara amefuga panya weupe kwa miaka ishirini na sita, na wanafunzi wa udaktari hawamjui kwa jina jingine ila Mama Panya. Kila asubuhi huchukua tone la majimaji ya uke wa kila jike, hulitazama kwa hadubini, kisha huchora alama ya chaki kwenye kizimba. Maana ya alama hizo hamwambii asiyeuliza.

Mkuu mpya wa idara hakuuliza. Alikuja na habari kwamba chumba cha panya kitageuzwa cha kompyuta: jaribio la msuli wa mfuko wa uzazi sasa lilikuwa kwenye programu, isiyokula wala kunuka. Ila kwa haki, alisema, angelitazama mara moja kabla ya kukata shauri.

Akachagua jike mnene wa kizimba cha mwisho. Mama Panya akamwambia huyo leo hayumo, si siku yake. Mkuu akacheka, akauliza kama panya naye huomba ruhusa.

Basi ukanda mwembamba wa msuli wa jike huyo ukatundikwa ndani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, ukafungwa kwa uzi kwenye kalamu ya mashine. Likadondoshwa tone la oksitosini, homoni inayoubana mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua. Kalamu ikachora mstari ulionyooka kama rula. Tone la pili, kimya. Mkuu akatazama saa.

Mama Panya alikwenda kwenye kizimba chenye msalaba wa chaki, akaandaa ukanda mwingine, akadondosha tone lile lile. Kalamu ikaruka hadi ukingo wa karatasi.

"Dawa ni moja," Mkuu akasema. "Umefanya nini, mama?"

"Mimi? Homoni ya estrojeni ndiyo iliyofanya, bosi, tangu jana. Seli za huyu zimeota vipokezi, yaani masikio ya kuisikia oksitosini. Yule wako yuko kwenye siku za homoni nyingine, projesteroni, seli zimetulia. Ungemwita mpaka sauti ikukauke."

Akaigeukia kompyuta iliyokuwa bado kwenye boksi. "Na panya wa humu, ana siku anazokataa?"

Mkuu alikiri kwamba hana. Hujibu kila anapobonyezwa.

"Basi huyo ni kengele."

Kompyuta zilipelekwa chumba cha pili. Mtihani wa muhula ule ulikuwa na swali moja lililowatoa wengi jasho: karatasi yenye mstari ulionyooka, na chini yake, "Kwa nini?" Walilipata wale tu waliowahi kuuliza habari za chaki.