Gari Lililotembea Babati

Juzi, katika duka la ushirika, baba mmoja wa Maisaka aliomba betri za gari la kuchezea la binti yake, lile la rimoti. Mjomba alilileta kutoka ng'ambo, betri akazisahau.

"Betri ni za redio tu," muuzaji alisema bila kuinua macho. "Wananchi wasikilize habari."

"Shikamoo," binti alimsalimia, gari lake mkononi.

"Marahaba. Hilo gari linatembea kweli?"

"Sijawahi kuliona likitembea."

Muuzaji akafungua redio yake mwenyewe na kutoa betri. Baba akazitia, akamwelekeza binti pa kuweka vidole kwenye rimoti. Gari likakata kona sakafuni, foleni nzima ya sukari ikapiga makofi.

Nje, malori matatu yalikuwa yakisubiri dizeli kwa wiki ya pili. Tusilalamike, ndugu msomaji: usafiri Babati upo.