Ukurasa Uliogongwa Muhuri

Naomba ieleweke kwamba sikuuomba uenyekiti. Nilikuwa nimestaafu katika ofisi ya elimu na kurudi kwenye shamba langu la kabichi, huku juu ya mji wa Lushoto, mkuu wa shule ya sekondari ya jirani aliponitembelea na kuniomba niongoze kamati ya matumizi salama ya mtandao. Shule ilikuwa imepata kompyuta na wazazi walikuwa wamepata hofu. Alihitajika mtu mwenye msimamo. Nilimjibu kwamba ningelitafakari jambo hilo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakubali kabla chai haijapoa.

Nilianza kazi kwa utaratibu. Katika ofisi niliyoitumikia, jambo lisilokuwa kwenye karatasi halikuwepo duniani. Kwa hiyo niliagiza kwamba mwalimu anayetaka kutumia tovuti yoyote auchapishe ukurasa wake, awasilishe nakala mbili, kamati iusome, na ukikubalika ugongwe muhuri. Muhuri niliuchongesha mwenyewe mjini. Ulikuwa mzuri, wa duara.

Mtu wa kwanza kuwasilisha alikuwa mwalimu wa biolojia, binti kutoka Tanga mjini ambaye hata Januari hakuvua sweta. Darubini pekee ya shule ilikuwa imeota ukungu ndani ya lenzi, jambo la kawaida kwa unyevu wa milima hii, na wanafunzi wake wa kidato cha nne walikuwa hawajawahi kuiona seli. Mtandaoni alikuwa amepata masomo ya video, mitihani ya nyuma yenye majibu, na ukurasa mmoja ambamo seli huonekana ikijigawa. Niliikagua nakala yake kwa miwani, kisha nikamuuliza mbona seli haijigawi.

"Mzee, kwenye karatasi haiwezi kujigawa."

"Basi ambatisha maelezo ya jinsi inavyojigawa."

Aliambatisha. Alieleza pia, kwa adabu, kwamba ukurasa wa mtandaoni si waraka: leo una hiki, kesho una kingine, na matangazo huingia bila hodi. Alipendekeza masomo yapakuliwe mapema, yahifadhiwe kwenye kompyuta, na wanafunzi wayaone bila mtandao kuwashwa. Nilimwambia kwamba hoja hiyo haikuwamo kwenye ajenda.

Wakati huo mzazi mmoja, mzee wa kanisa anayeheshimika, alikuwa akiwashawishi wenzake chumba cha kompyuta kifungwe kabisa. Bodi ya shule ikaitisha mkutano wa wazazi ili uamue. Mwalimu alinifuata nje ya ofisi, akanisalimia shikamoo kwa sauti ndogo.

"Wakikifunga, Mzee, hawa watoto watachora seli kwa kukisia. Mtihani uko mlangoni."

Nilimhakikishia kwamba hapakuwa na sababu ya wasiwasi, kwa kuwa maonyesho ya ukurasa huo mbele ya wazazi ningeyafanya mimi mwenyewe.

Siku ya mkutano niligawa nakala zenye muhuri ili wazazi walinganishe karatasi na picha ya projekta ukutani. Niliandika anwani kwa kidole kimoja, nikikataa msaada. Ukurasa ulifunguka, na seli ilikuwapo. Juu yake, hata hivyo, lilikuwapo tangazo la rangi nyekundu likinipongeza kwa ushindi wa shindano ambalo sikumbuki kushiriki.

Nilitangaza kwamba hilo halimo kwenye nakala. Kisha, kwa nia njema ya kulifuta, nikalibonyeza.

Alitokea mwanamke aliyevaa kidogo sana kuliko baridi ya Lushoto inavyoruhusu, akicheza dansi na kutualika kwenye bahati nasibu, na muziki ukiwa juu. Nilikimbia kusimama mbele ya projekta ili kuwakinga wazazi. Matokeo yake, akaendelea kucheza juu ya koti langu.

Mama mmoja muuza mboga wa sokoni Soni, aliyeketi nyuma, alisimama na kuinua nakala yake.

"Mwenyekiti, na huyu naye mmemgonga muhuri?"

Walicheka hata waliokuja kwa hasira. Mwalimu wa biolojia alisogea akaufunga ukurasa kwa mguso mmoja. Mzee wa kanisa hakucheka. Alisimama na kusema kwamba sasa kila mtu amejionea, chumba kifungwe. Vichwa vingi viliitikia.

Yule mama hakuketi. Alimuuliza mwalimu yeye angefanyaje. Mwalimu alinitazama mimi kwanza, kama utaratibu ulivyotaka, akasema somo lipo kwenye kishikwambi chake, alilipakua, na halihitaji mtandao. Nilifungua kinywa kusema kwamba video hiyo haijawasilishwa. Kisha nikaliona koti langu.

"Endelea, Mwalimu," nilisema, nikakaa.

Ukutani seli moja ilivimba, ikabanwa katikati, ikawa mbili. Mama wa mboga alijisahau, akauliza kitu kwa Kishambaa, na jirani yake akamtafsiria mwalimu: anauliza kama jambo hilo linatendeka mwilini mwake pia, sasa hivi. Mwalimu akajibu kwamba ndiyo, hata alipokuwa amesimama pale. Mama alijitazama mikono kwa muda mrefu.

Chumba hakikufungwa. Iliamuliwa masomo yapakuliwe kwanza, na kila mtandao unapowashwa awepo mtu mzima nyuma ya wanafunzi, mahali pa kuona kila kioo. Walimu walisema vipindi vimewajaa. Mkutano mzima ukanigeukia mimi, mstaafu mwenye alasiri zake zote.

Kwa hiyo ninaketi huko, nyuma kabisa, kwenye dawati lisilotosha magoti yangu. Juma la kwanza kidato cha nne walitazama somo, kisha wakatakiwa kuchora walichokiona. Mwalimu aligawa karatasi, na kwa kuwa nilikuwa kwenye safu, akanipa na mimi. Nilichora kwa uangalifu mkubwa, mistari imenyooka, kila sehemu na jina lake. Alipita, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini ili wanafunzi wasisikie kwamba kiini nimekiweka nje ya seli.

Nilimwomba kifutio msichana aliyekuwa mbele yangu.