Barafu ya Chumvi

Frigo ya maabara yetu hapa Baraka ilizimika Jumanne, nami, na diploma yangu na kiburi changu, nikakimbilia sokoni kwa mama mdogo, ndugu wa mama yangu, anayeuza samaki wanaoletwa kutoka Kazimia. Nilitaka barafu ya kuhifadhia kichupa kimoja. Ndani yake mlikuwa na chembe za chuma, ndogo mno jicho halioni moja peke yake, zilizopakwa kitu kinachokamata protini ya homa ya ini. Unazichanganya na damu, unaweka sumaku pembeni, chembe zinavutwa pamoja na protini ziliyoikamata, kama ipo. Kazi hiyo ilinifanya nijione mtu.

"Nimekuwekea barafu ya nguvu," mama mdogo alisema akifunga kikasha. "Haitayeyuka mbio, mwana yangu."

Sikuuliza hiyo nguvu ni ya nini. Nimelelewa kwenye samaki wake, nilijua kabisa kwamba wauza samaki wanatia chumvi ili barafu izidi ubaridi. Chembe zile zinataka ubaridi, lakini zikiganda zimeharibika.

Kesho yake binti yake alijifungua, akatokwa damu nyingi. Mama mdogo akanyoosha mkono atolewe damu kabla hajaombwa. Nilipochukua kichupa niipime damu yake, nikaona chembe zimeshikana mabonge. Nikatikisa. Ilinipasa kwanza nijaribu kwa damu ninayojua ina ugonjwa, nione kama bado zinakamata, lakini muuguzi alikuwa ananipigia kelele mlangoni. Sumaku ikavuta, protini haikuonekana.

"Safi," nikasema. Damu ikaingia kwa binti.

Ijumaa tukaletewa kichupa kipya. Roho haikutulia, nikarudia kipimo cha mama mdogo, mara mbili. Ugonjwa anao. Nilimweleza daktari kila kitu, hata uvivu wangu. Alisema dawa ya kumkinga binti hatuna, tungoje miezi kadhaa ndipo tumpime. Nilijichukia sana siku ile, na bado najichukia.

Nilipotoka nikamkuta mama mdogo uani, kikasha kichwani.

"Frigo yenu ingali imekufa? Nimeleta ingine. Leo nimeongeza chumvi."

Nilikipokea, nikamketisha, nikamwambia damu yake ina homa ya ini.

"Mi niko muzee," alisema. "Na mutoto wangu, mulimupatia ile damu?"