Nafasi ya Mama Kwenye Kisanduku

Sisi tuliokulia Richfield, huku ughaibuni karibu na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka, tunajua intaneti ilikuwa kitu cha kugombaniwa. Watoto wa siku hizi ikikwama kidogo tu wanaomboleza kama wamefiwa. Ngojeni niwasimulie, ingawa nimechoka. Kazi yangu sasa ni kuzigawia mashine za hospitali anwani za mtandao, kutwa nzima, na kila idara inalia haijapata.

Nyumbani kulikuwa na kisanduku kimoja cha waifai juu ya friji. Kila simu iliyoingia ilipewa anwani yake, yaani namba ya kuiruhusu itumie intaneti, na Baba alikuwa amezipunguza zikawa chache, eti majirani wasituibie. Sasa Jumapili, kanisa likiisha, nusu ya waumini walihamia kwetu. Chapati moto, chai ya tangawizi, makoti yamerundikwa kitandani, na kila mgeni, hata kabla hajavua viatu vya theluji: "Paswadi ni gani?"

Saa hiyo ndipo Mama alipokuwa akimpigia Shosho, mama yake, kule Nyeri. Shosho alikuwa mgonjwa, na alikataa kulala kabla hajamsikia bintiye. Lakini anwani zimeisha, simu ya Mama inazungusha kiduara tu, haishiki. Amwambie mgeni atoke? Aibu gani hiyo! Mama alimimina chai akitabasamu, macho mekundu. "Nyinyi watoto, zimeni hizo tableti!" Tukazima, wapi! Hata wageni walipoondoka, kisanduku kiliendelea kuzishikilia anwani za simu zilizokwisha kwenda.

Ndipo Anko, kaka yake Mama, akaja kutoka Blaine, mji wa karibu, akaitengea simu ya Mama anwani yake peke yake. "Hii hapewi mwingine, hata mama yenu akiwa kazini." Jumapili iliyofuata Shosho alicheka mpaka akakohoa, na nyumba nzima tukamsikia. Siku ile ndipo nilipoipenda kazi hii ambayo sasa inanimaliza.

Leo anwani ni tele, wageni hawaji, kila mtu na bando lake. Shosho tulishamzika. Visanduku vimebadilika, na kila kipya kikija natenga kwanza ile anwani ya Mama. Jumapili iliyopita nilimkuta Mama amekaa na chai yake, simu mkononi, saa ileile. Hana tena wa kumpigia. Nikaingia jikoni, nikampigia mimi.

"Wewe, si uko hapa tu?" akasema.

Lakini hakukata.