Dawa Mbili za Shangazi Domitila

Shangazi yangu Domitila hana mkono wa birika. Ukipita kwake, nje kidogo ya Bariadi, saa ya chakula, hupiti. Utakaa, utakula, na utaondoka na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani.

Tatizo ni kwamba aligawa na dawa. Vidonge vilivyobaki alivitia kwenye kopo la majani ya chai, na kila aliyekohoa alipata chake. Mume wake Maige ndiye kabisa: akiumwa anajichoma sindano ya ng'ombe. Nimewagombeza hao wawili hadi sauti imekauka.

Mwaka jana jembe lilimkata shangazi mguuni akipalilia pamba. Akafungua kapsuli, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda. Kikanuka. Akameza vya kwenye kopo, kikazidi kuchimba. Hospitali wakapima usaha, na daktari Hamimu, kijana mpole, akamwambia wadudu wa kidonda hicho wameshazizoea dawa za kawaida.

"Mayu," akamwita kama anayemwita mama yake, "ng'ombe mkorofi mnamkamataje?"

"Mmoja anashika pembe, mwingine anafunga miguu."

"Basi na hizi dawa mbili ni hivyo hivyo. Moja inawadhoofisha, nyingine inawamaliza. Ukiacha moja, huo mguu tutaukata."

Shangazi akaitikia vizuri sana. Kufika nyumbani, jirani yake Specioza akaja na jipu la kwapani, naye shangazi akampa dawa moja yote.

"Mimi ninazo mbili, yeye hana hata moja," aliniambia.

Nilitamani kulia. Kidonda kilichoanza kukauka kikafumuka upya. Hamimu hakugomba. Alimwandikia tena zile zile mbili, kisha akamwonyesha kwa kidole mahali mguu ungekatwa, chini ya goti.

Jipu la Specioza nalo likarudi, naye akarudi nalo. Nilikuwepo. Shangazi alikuwa ameshika vidonge vyake vya asubuhi, vya aina zote mbili. Alimtazama mwenzake, akatazama goti lake, akavitupa vyote kinywani na kuvisukuma kwa maji. Halafu akaanza kulia.

"Nenda hospitali, dada. Bodaboda nitalipa mimi."

Specioza aliondoka bila kuaga. Huko wakampasua jipu, akapona.

Msimu huu shangazi amepalilia pamba mwenyewe, kovu likiwa nje nje. Kopo limerudi kwenye majani ya chai. Lakini aibu haijamtoka.

"Nilimnyima mgonjwa," ananiambia kila nikienda, huku amesimama mlangoni kwa miguu yake miwili.