Maombi Yasiyo na Pumzi

Nilizungumza na Mama Kavira saa sita mchana, jua likiwa kali, kwenye benchi lililo nje ya kanisa letu hapa Bunia. Alikuwa amekufa tangu alfajiri ya siku hiyo. Najua unavyoniangalia. Mimi ni sekretere wa kikundi cha maombi. Kazi yangu ni kuandika majina na saa, na visa vya namna hii nilikuwa navicheka.

Nianze mwanzo. Mama Kavira alihama kutoka Butembo, akauza samaki wa ziwani kutoka Kasenyi pale mtaa wa Shari, hadi ugonjwa wa kuvimba miguu ulipomlaza. Ndugu yake hapa alikuwa mmoja tu, Masika, mtoto wa dada yake. Kifo hakukiogopa sana. Aliogopa kwenda mbele ya Mungu bila mtu wa kumsindikiza kwa maombi. Akaniomba nimtumie sauti yangu kila asubuhi kwenye telefone ya Masika.

Nilifanya hivyo kwa wiki mbili. Alinitania: "Sekretere, weye unaombaka sawa mutu anasoma karatasi ya biro ya serikali! Lakini usiache. Ukikohoa, najua mutu iko pale."

Mimi nilisikia dhihaka tu. Tena, nikuambie ukweli, nilichoka kuamka mapema. Kwenye telefone nilikuwa na akili bandia, programu inayoandika chochote unachotaka na kuiga sauti yako. Nikaipa sauti yangu na jina la mgonjwa. Ikatoa maombi matamu, zaburi mahali pake, bila kikohozi. Nilituma, nikarudi kulala. Siku tisa. Masika akaniambia majirani wanakuja kusikiliza, nami nikapokea sifa.

Siku ya kumi nililala hadi jua likatoka. Sikutuma kitu. Nikaenda kwenye mkutano wa kanisa, telefone nimeizima. Saa sita nafunga ukumbi, namwona kwenye benchi, na kitenge chake cha buluu. Miguu yake haikuwa na uvimbe tena.

"Mama, umepona?"

"Sekretere, ile maombi yote ya siku tisa, nilikuwa nangoja upumue. Haukupumua hata mara moja. Nani alikuwa ananiombea?"

Wewe ungejibu nini? Nilianza kumweleza jinsi nilivyochoka, akanikatiza.

"Basi, niombee sasa. Na kinywa yako."

Hapa ndipo aibu yangu yote ilipo. Mkono wangu uliingia mfukoni, ukatoa telefone, ukaiwasha ili nitafute maneno. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Telefone ikalia. Alikuwa Masika.

"Nimekuita tangu asubui, dada. Mama alikata roho saa kumi na moja."

Nilikwenda kwenye kilio. Masika akanikumbatia. "Asante, dada. Alikufa anakusikiliza. Leo uliomba unalia, unakohoa kabisa! Alicheka, akafunga macho."

Nikamwomba anisikilizishe. Niamini, sauti ni yangu. Inakwama, inakohoa, inavuta pumzi katikati ya maneno. Ilitoka kwenye namba yangu saa kumi na dakika hamsini alfajiri. Kwenye telefone yangu haimo.

Niliungama kwa mchungaji. Hakunikemea. Alisema Mungu alimpulizia pumzi mtu, hakuipulizia mashine. Maneno ya mashine yanaweza kuwa ya kweli, lakini ndani hakuna anayepiga magoti. "Mama hakuomba maneno," akasema. "Alikuomba weye." Nilipomsikilizisha ile sauti ya mwisho, aliirudia mara mbili, akanirudishia telefone niliyoiazima kwa Masika.

Kwa hiyo wewe unayenisikia, ukiombwa umwombee mtu, omba, hata ukigugumia. Usimtume asiye na roho akasimame mahali pako.

Masika bado ameihifadhi sauti ile. Huwasikilizisha wageni, kisha ananishukuru mbele yao. Sijamwambia kwamba saa ile nilikuwa nimelala.