Mkono wa Riziki

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, mwaka wa 2016, niliamini kabisa kwamba mtoto anaweza kuwa mchawi. Sikufundishwa na mtu. Tulikuwa tunakaa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, na mambo hayo niliyasikia saluni, kanisani na jikoni kwetu, kila mara watu wazima walipodhani sisi watoto tunatazama televisheni.

Mtoto aliyesemwa aliitwa Riziki. Wazazi wake walifariki Uvira, Kongo, ndipo baba yake mdogo, Papa Jules, akamleta huku. Alinizidi mwaka mmoja tu, lakini shule hakupelekwa. Kutwa alifua, alideki, na kumbeba mgongoni mtoto mchanga wa Mama Josué, mke wa Papa Jules. Kisha Papa Jules akapoteza kazi yake ya ulinzi kule Midrand, na haukupita muda yule mchanga akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Riziki naye alikuwa na tabia ya kuongea usingizini. Watu hawakuhitaji ushahidi mwingine. Tukaonywa tusipokee kitu mkononi mwake, hata maji, kwa sababu mchawi mdogo humla mtu kupitia chakula anachompa.

Miaka hiyo, baada ya shule, watoto wengi wa mtaa wetu tulikwenda gerejini kwa shangazi wa wote, Tantine Mireille. Alikuwa Mhaiti, wa kwanza na wa pekee niliyewahi kumwona, ameolewa na fundi magari wa Bukavu. Kiswahili alikijifunza ukubwani, akikitamka polepole kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Gereji ile haikuwa na gari. Ilikuwa na mikeka, ubao, na akina mama waliopeana zamu: mmoja anatuchukua shuleni na kutuvusha kwenye robot, yaani taa za barabarani, mwingine anapika, mwingine anasimamia kazi zetu za shule. Mama yangu, mshonaji, alikuja na cherehani yake ili zamu isimpotezee siku. Bi Mwanaidi wa Tanga, aliyekuwa na duka la vitambaa Mayfair, alitusomesha Kiswahili, maana wengi wetu tulikielewa lakini tulijibu kwa Kizulu.

Alasiri moja Riziki alisimama getini, mtoto mgongoni, akiangalia ubao. Tantine Mireille akamwita ndani. Kesho yake mikeka ilikuwa nusu tupu. Mama mmoja alikuja kusema wazi: "Tantine, ule mutoto akibakia, siye tunatoka. Ule iko na kitu."

Tantine hakubishana naye. Aliwaita akina mama wote Jumamosi, nami nikajibanza nyuma ya cherehani ya Mama.

"Kwetu Haiti tunasema lougawou," alianza. "Anavua ngozi yake, anaruka, anakunywa damu ya watoto. Mimi waliniita lougawou. Nilikuwa na miaka minane."

Wazazi wake walikuwa wakulima wa milimani. Walimpeleka mjini kwa watu waliowaahidi kumsomesha, kumbe akawa wa kuteka maji na kulala chini ya meza. Mtoto wa nyumba ile alipokufa, walimfukuza, na vijana wakamfuata na mawe. Waliomkinga ni wanawake wa sokoni. Walikuwa wameshaanzisha darasa chini ya turubai kwa ajili ya watoto kama yeye, waliopelekwa kutumika majumbani, na kila siku mmoja wao alikaa mlangoni asiingie mtu kumchukua mtoto yeyote.

"Hawakuniuliza kama ni kweli," alisema Tantine. "Waliniuliza kama nimekula."

Hapo mama mmoja, jirani wa Mama Josué, akaanza kulia. Akasema Riziki amefungiwa chumbani tangu juzi. Mchungaji mmoja ameagiza asipewe chakula mpaka akiri, na leo anakuja kumwombea.

Tantine alifunika sufuria ya wali na maharage, akaibeba, akatoka. Akina mama wakamfuata, nasi watoto nyuma yao.

Mama Josué alitupokea mlangoni, mtoto kifuani, macho yamevimba. "Munataka mutoto wangu akufe?"

Bi Mwanaidi alimgusa mchanga paji la uso. "Mwanangu, hii ni degedege. Hata kwetu Tanga watasema ndege mbaya kampitia. Wangu nilimzungusha kwa waganga mpaka nikakaribia kumzika. Ni homa hii. Vaa viatu, twende kliniki."

Mama Josué alitazama mlango wa chumba, akatazama mtoto wake. Kisha akampa Tantine ufunguo, akaondoka na Bi Mwanaidi.

Riziki alitoka akishika ukuta, midomo imekauka. Tantine alimketisha uani, akampa maji kwanza, halafu sahani. Alipokwisha kula kidogo, Tantine akapiga magoti mbele yake.

"Sasa nilishe na mimi."

Riziki akarudisha mkono nyuma. "Hapana, Tantine. Nitakuua."

Alisema kwa sauti ya kumwonea mtu huruma. Walikuwa wamemwambia mpaka naye akaamini.  Tantine alifumbua mdomo, akangoja, mpaka mkono ule ukaja na tonge la wali.

Aliyefuata alikuwa Mama yangu. Mama, aliyekuwa akinibania pini ndani ya nguo nisipatwe na macho ya watu, alipiga magoti kwenye saruji, akala. Wakafuata wengine. Wawili waliondoka bila kuaga.

Mchungaji alikuta akina mama wamejaa uani. "Omba, Pasta, tutaomba na wewe," Tantine alimwambia. "Lakini mtoto anakwenda kwangu." Mchungaji aliomba kwa kifupi. Jioni Papa Jules naye alikubali, huku akifuta machozi kwa kofia yake.

Kliniki walikuta homa ya mchanga ilitokana na ugonjwa wa masikio. Alipewa dawa akapona. Shule zilimkataa Riziki kwa sababu ya karatasi zake za uhamiaji, na akina mama wakaenda na kurudi, wakipokezana, mpaka moja ikamchukua. Siku hizi ana zamu yake gerejini, na ni mkali kuliko wote.

Kwa miaka nilisimulia kisa hiki kana kwamba mama zetu waliujua ukweli, sisi wengine tukawa wajinga. Mwaka jana nikamuuliza Mama alijuaje kwamba Riziki si mchawi.

"Sikujua," alisema, akiendelea kukata kitambaa. "Niliamini ni mchawi. Usiku ule sikulala, nilikuwa nangojea tumbo linianze."

"Sasa mbona ulikula?"

"Ungemuona Riziki usoni, Tantine alipomeza. Nilitaka amuone na mtu mwingine anameza."

 Nilimsaidia kushika upande wa pili wa kitambaa. Nimekutana na watu wengi wasioamini uchawi, na wengi wao hawajawahi kumfungulia mtoto mlango. Mama yangu aliuamini, akauogopa, akapiga magoti.